Kuunganisha Gramafoni na Spika za Kompyuta

Huenda nyumbani kwako liko sanduku la santuri. Kama haliko kwako, liko kwa mzee wa jirani. Santuri hizo zilinunuliwa zamani, baada ya mavuno, kwa fedha za pamba au za kahawa. Zilipigwa harusini na siku za sikukuu. Baadaye zikaja kaseti. Kisha zikaja simu zenye muziki ndani yake. Santuri zikawekwa juu ya kabati, na watu wakasema, "Hizo zimekufa."

Hazijafa. Santuri iliyokaa vizuri miaka 50 bado ina sauti yake yote. Mara nyingi kilichokufa ni chombo cha kuipigia.

Kijijini kwetu yuko mzee mmoja ambaye nusura aziuze santuri zake. Alikuwa nazo 42. Mfanyabiashara kutoka mjini alizitazama moja moja, akataja bei ndogo kwa zote pamoja, akasema atarudi Jumamosi na fedha. Mzee alikubali. Lakini santuri moja ilimsumbua moyo. Ilikuwa ya bendi ambayo marehemu mdogo wake alipiga tarumbeta. Jina la mdogo wake halikuandikwa popote juu ya santuri ile. Picha yake haikuwepo. Palikuwa na ile tarumbeta tu.

Mjukuu wa mzee alikuwa na gramafoni ya umeme ya mtumba. Alikuwa pia na spika mbili ndogo za kompyuta. Aliunganisha waya wa gramafoni moja kwa moja na spika. Santuri ikazunguka, sindano ikashuka. Wote wakakaa kimya. Ikasikika sauti nyembamba kama ya mbu. Kijana akafungua spika mpaka mwisho. Sasa ukasikika mngurumo, na yule mbu bado yuko mbali.

"Nilikuambia, mjukuu wangu," mzee akasema. "Zimekufa."

Kijana alikosea wapi? Tuanze na santuri yenyewe.

Sauti hutoka wapi

Chukua santuri uishike kwa kingo zake. Iinamishe kidogo kwenye mwanga. Utaona mistari mingi myembamba. Kwa kweli si mingi. Ni mfereji mmoja mrefu, unaoanza ukingoni na kuzunguka, kuzunguka, mpaka karibu na katikati. Kila upande wa santuri una mfereji wake. Kuta za mfereji huo hazikunyooka. Zimepinda huku na huku, kama njia ya ng'ombe. Mapindo hayo ndiyo sauti.

Santuri inapozunguka, sindano hupita ndani ya mfereji. Mapindo huitikisa. Nyuma ya sindano kuna kijisumaku kidogo sana, na karibu na sumaku kuna nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa. Sindano ikitikisika, sumaku nayo hutikisika. Basi umeme hupita katika zile nyuzi za shaba.

Bila shaka umeiona dinamo ya baiskeli. Gurudumu huzungusha sumaku iliyo ndani ya dinamo, taa ikawaka. Hakuna betri. Mwendo umekuwa umeme. Kichwa cha gramafoni hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ni ukubwa. Dinamo ya baiskeli hutoa kama volti 6. Kichwa cha gramafoni cha namna hii hutoa kama volti 0.005 tu. Jibwe moja la tochi lina volti 1.5. Ukigawanya nguvu ya jibwe hilo mafungu 300, fungu moja ndilo nguvu ya sindano.

Sasa tazama upande wa pili. Spika za kompyuta zimetengenezwa kupokea sauti kutoka kwenye kompyuta, simu au redio. Vyombo hivyo hutoa kama volti 0.3, na vingine hufika volti 1. Ni kweli, ndani ya spika hizo kuna kikuza sauti, ndiyo maana zina waya wa umeme. Lakini kikuza hicho kinangoja mgeni mwenye nguvu mara 60 au zaidi kuliko yule aliyetumwa na sindano. Fikiri juu ya mkutano wa hadhara. Msemaji akinong'ona huku amesimama mbali na kipaza sauti, fundi ataongeza nguvu ya spika. Watu watasikia upepo na mlio wa mtambo. Maneno hawatayasikia. Hicho ndicho kilichompata yule kijana.

Liko na jambo la pili, ambalo hata mafundi wa redio wengine hawalijui. Sauti nzito, kama ya gitaa la besi au ngoma kubwa, hupindisha mfereji sana. Kama ingechongwa yote ilivyo, mfereji ungeingia katika mfereji wa jirani, kama tuta la shamba lililopinda likaingia shamba la mwenzio. Kwa hiyo kiwandani sauti nzito hupunguzwa kabla ya kuchongwa. Sauti nyembamba nazo huongezwa, ili zishinde mkwaruzo wa sindano. Katikati ya miaka ya 1950 viwanda vilianza kufuata kipimo kimoja cha kupunguza na kuongeza, kilichopangwa Marekani mwaka 1954. Wakati wa kupiga santuri, lazima kipimo hicho kigeuzwe: nzito irudishwe, nyembamba ipunguzwe. Usipofanya hivyo utasikia mbu.

Chombo kinachokosekana

Kumbe kati ya gramafoni na spika panatakiwa chombo cha tatu. Ni kikuza sauti kidogo cha gramafoni. Mafundi hukiita priampu. Kinaweza kuwa kidogo kama kisanduku cha sabuni. Kazi yake ni hizo mbili tulizozisema. Huikuza nguvu ya sindano kama mara 100, na hurudisha sauti nzito mahali pake. Kikuza sauti cha kawaida cha kipaza sauti hakifai, kwa sababu hukuza tu. Hakijui habari ya mapindo yaliyopunguzwa.

Lakini usikimbilie dukani. Kwanza geuza gramafoni yako utazame nyuma. Gramafoni nyingi za miaka ya karibuni zina kikuza hicho ndani yake tayari. Hapa ndipo kujua kusoma kunapookoa fedha. Tafuta swichi ndogo yenye maneno mawili, PHONO na LINE. Neno la kwanza lina maana ya sauti ndogo ya sindano ilivyo. Neno la pili lina maana ya sauti iliyokwisha kukuzwa. Ukiwa na swichi hiyo, isukume kwenye LINE, nawe huhitaji kununua chombo cha tatu. Kama hakuna swichi wala neno LINE, yaelekea unakihitaji.

Usikuze mara mbili. Swichi ikiwa LINE, na wewe ukapitisha sauti tena katika kikuza kingine, spika zitatoa sauti ya kupasuka.

Ziko pia gramafoni za zamani za sanduku, za kubeba kama begi, ambazo kichwa chake hakina sumaku. Kina kipande kama cha kauri, ambacho kikikunjwa hutoa umeme. Umeme wake ni mkubwa zaidi sana. Gramafoni ya namna hiyo yaweza kusikika kwenye spika za kompyuta bila kikuza, ingawa sauti nzito itapungua. Ukiunganisha moja kwa moja ukasikia sauti ya kutosha, huenda unayo hiyo.

Na ile ya kamani, ya kuzungusha kwa mkono? Hiyo haina umeme hata kidogo. Sauti yake hutoka kwenye pembe. Haiunganishwi na spika yoyote.

Soma kibao kabla ya kuchomeka

Nyuma au chini ya gramafoni kuna kibao kilichoandikwa tarakimu. Tafuta volti, zinazoandikwa kwa herufi V, na mizunguko ya umeme, inayoandikwa Hz. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na Hz 50. Vyombo vya mtumba vinavyotoka Marekani huandikwa 120V 60Hz.

Mimi nilipuuza tarakimu hizo. Mwaka 1998 nilinunua gramafoni nzuri ya mtumba, ya mbao, inang'aa. Niliichomeka ukutani siku hiyo hiyo, kwa furaha. Haikumaliza hata wimbo mmoja. Ulitoka moshi, kisha harufu ya waya ulioungua. Kibao kilikuwepo, nami nilijua kusoma. Sikusoma tu.

Iko transfoma ya kushusha volti 230 kuwa 120. Lakini transfoma haibadili Hz. Kuna mota ambazo mwendo wake hufuata Hz za umeme. Mota ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa 60, ukiipa 50, huenda polepole. Santuri ya mizunguko 33 kwa dakika itazunguka kama 28. Mwimbaji atasikika kama mtu mwenye usingizi. Afadhali utafute gramafoni ya 230V, au ile inayotumia kichomekeo kidogo kama cha simu. Hizo hazina shida hiyo, na hufaa pia kwa nyumba zenye umeme wa jua.

Kuunganisha

Zima kila kitu. Chomoa nyaya zote za umeme ukutani. Punguza sauti ya spika mpaka mwisho.

Kutoka nyuma ya gramafoni hutoka waya wenye plagi mbili, moja nyekundu na moja nyeupe. Nyekundu ni ya upande wa kulia, nyeupe ni ya kushoto. Wakati mwingine nyeupe huwa nyeusi. Chukua kile kikuza kidogo. Kina matundu manne. Mawili yameandikwa INPUT, yaani sauti inaingia hapa. Mawili yameandikwa OUTPUT, yaani sauti inatoka hapa. Chomeka plagi za gramafoni kwenye INPUT, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe.

Pamoja na plagi hizo utaona waya mwembamba peke yake, wenye ncha kama uma. Huo ni waya wa ardhi. Nyuma ya kikuza kuna skrubu yenye herufi GND. Legeza skrubu, ingiza ule uma, kisha kaza. Watu wengi huuacha waya huu unaning'inia kwa kuwa hawaoni kazi yake. Kazi yake ni kuondoa ule mngurumo. Lakini sikiliza vizuri: waya huu haufungwi mahali pengine popote isipokuwa kwenye skrubu hiyo. Usiuingize kamwe katika tundu la umeme ukutani. Utakuua. Gramafoni nyingine hazina waya huu. Kama yako haina, endelea tu.

Sasa upande wa spika. Spika za kompyuta zina plagi moja nyembamba, unene wake milimita 3.5, sawa na ya spika za kuweka masikioni. Mara nyingi ni ya rangi ya kijani. Plagi hiyo haiingii katika matundu ya OUTPUT. Unahitaji waya mfupi wa kubadilisha. Upande mmoja una plagi dume mbili, nyekundu na nyeupe. Upande mwingine una tundu moja jike la milimita 3.5. Ukifika dukani sema maneno hayo hayo, au chukua plagi ya spika mkononi umwonyeshe muuzaji. Plagi dume mbili zinaingia kwenye OUTPUT. Plagi ya kijani inaingia kwenye lile tundu jike.

Kama gramafoni yako ina swichi na umeiweka LINE, huna kikuza cha kupitia. Plagi zake mbili utazichomeka katika waya wa kubadilisha wenye matundu jike mawili upande mmoja na tundu jike la milimita 3.5 upande wa pili.

Neno moja juu ya kununua spika. Tazama kwamba zina plagi hiyo nyembamba ya mviringo. Ziko spika zinazopokea sauti kwa hewa tu, bila waya. Ziko nyingine zinazopokea kwa plagi bapa ya kompyuta tu. Hizo hazitakusaidia hapa. Lakini ziko zenye plagi mbili: bapa kwa ajili ya umeme, na ya mviringo kwa ajili ya sauti. Hizo ni nzuri, kwa sababu ile bapa unaweza kuichomeka kwenye kichaji cha simu.

Ukimaliza, chomeka umeme. Washa gramafoni na kikuza. Washa spika mwisho. Shusha sindano polepole. Ndipo uongeze sauti kidogo kidogo.

Kukiwa na matatizo

Ukisikia mngurumo, kaza tena waya wa ardhi. Ukiendelea, sogeza kikuza mbali na transfoma na vichomekeo vya umeme. Upande mmoja ukiwa kimya, badilisha nyekundu na nyeupe pale kwenye INPUT. Ukimya ukihamia spika ya pili, kosa liko kwenye gramafoni au waya wake. Ukibaki pale pale, kosa liko mbele, kwenye kikuza, waya wa kubadilisha au spika.

Spika zisikae meza moja na gramafoni. Mtikisiko wa spika hupanda mezani, huingia katika sindano, hutoka tena kwa spika, nao huzidi mpaka uwe mlio mkubwa. Weka spika kwenye meza nyingine au kwenye rafu ya ukutani.

Sindano ikiruka, usiweke sarafu juu ya mkono wa gramafoni. Jambo hili lilikuwa desturi katika vilabu vingi, na limeharibu santuri nyingi nzuri. Vichwa vingi vya sumaku hutaka uzito wa gramu 1.5 hadi 3 tu. Sarafu huongeza gramu nyingi, na sindano hulima mfereji. Kwanza safisha vumbi. Kama bado inaruka, nunua sindano mpya.

Kila santuri na sindano yake

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri kwa meli mpaka Bombay, India, akaimba ili sauti yake iingizwe katika santuri. Santuri za wakati ule ni nzito na huvunjika kama sahani. Huzunguka mara 78 kwa dakika. Mfereji wake ni mpana. Santuri laini za mizunguko 33 zilianza mwaka 1948, na ndogo za mizunguko 45 mwaka 1949. Mfereji wa hizi ni mwembamba sana. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, watu walizinunua katika santuri hizo laini.

Kwa hiyo sindano ya 45 ukiitia katika 78 itacheza chini ya mfereji kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Utasikia mkwaruzo mwingi. Tafuta sindano ya 78, ambayo ncha yake ni nene kama mara nne. Na kamwe usiweke santuri laini kwenye gramafoni ya kamani. Kichwa chake kina uzito wa zaidi ya gramu 100, na sindano yake ni ya chuma. Utaipiga mara moja, na hiyo ndiyo itakuwa mara ya mwisho.

Santuri laini yenye uchafu unaweza kuiosha kwa maji safi na sabuni kidogo, bila kulowesha karatasi ya katikati. Ile ya 78 usiipake spiriti, maana spiriti huiyeyusha. Zote zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua na bati la moto.

Yule kijana alipata kikuza siku ya Ijumaa, kwa fundi wa redio mjini, pamoja na waya wa kubadilisha. Jioni aliunganisha kama tulivyoeleza. Alisahau waya wa ardhi, mngurumo ukajaa chumba, akaufunga. Ukakoma. Akashusha sindano.

Kulikuwa na mkwaruzo kama wa mafuta yanayochemka. Kisha gitaa likaingia, na besi chini yake, nzito, mpaka kikombe kikatikisika mezani. Nyanya, mke wa mzee, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Baada ya ubeti wa pili tarumbeta ikapanda.

"Huyo," mzee akasema. Hakusema neno jingine mpaka wimbo ulipokwisha.

Halafu akasema, "Rudisha mwanzo."

"Ndiyo, babu." Kijana alitaka kuinua mkono wa gramafoni, akakumbuka. Kwanza alipunguza sauti ya spika, ili sindano isipige kishindo. Ndipo akauinua, akaurudisha ukingoni.

Jumamosi mfanyabiashara alirudi na fedha zake. Aliuziwa santuri 3, zile ambazo mzee alikuwa nazo mbili mbili.